Mshauri, mshawishi, au anayesemea?

Mwaka jana niliitwa kutafsiri katika mkutano wa kampuni moja ya madini na wakaaji wa kijiji. Mgeni mmoja alijitambulisha kwa Kifaransa kuwa «lobbyiste». Nikasema: «Huyu ni mshauri.» Wazee wakamweleza mambo yao yote, wakidhani ni mshauri wao. Kumbe alilipwa na kampuni.

Kazi yenyewe si kosa. Kabla Rais Kabila hajatia sahihi sheria ya madini ya tarehe 9 Machi 2018, wakuu wa makampuni walimwendea Kinshasa waziwazi, kila mmoja kwa jina la kampuni yake. Kosa lilikuwa neno langu.

«Mshawishi» nalo lina harufu ya kishawishi, na haliulizi: kwa ajili ya nani?

Tuangalie kiambishi -e-: sema, semea. Anayesema aweza kusimama peke yake. Anayesemea lazima awe na anayesemewa. Kweli, watoto husema «nitakusemea» wakimaanisha kushtaki, lakini hata hapo anayesemewa hafichiki.

Leo ningetafsiri: «Huyu anasemea kampuni.» Nomino tutaitafuta baadaye.