Ari Inapopotea: Maelezo kwa Familia ya Mtu Mwenye Skizofrenia

Familia nyingi zinazomuuguza mtu mwenye skizofrenia hufarijika dawa zinapozinyamazisha sauti alizokuwa akizisikia, kisha hushangaa kwamba bado hajarejea kazini. Kijana aliyekuwa seremala hodari hushinda kitandani. Haogi mpaka ahimizwe, wala hamalizi alichokianza. Nyumbani huitwa mvivu. Neno hilo halimtendei haki.

Ili mtu ainuke na kutenda, ubongo hupiga hesabu: nitapata nini, na kitanigharimu jasho kiasi gani? Sehemu moja iliyo ndani ya ubongo, iitwayo striatamu, hushiriki sana katika hesabu hiyo kwa msaada wa kemikali iitwayo dopamini. Harufu ya pilau hukuvuta jikoni kabla hujaonja hata punje.

Mwaka 2006 watafiti wa Berlin, Ujerumani, walichapisha matokeo ya kuwapima wanaume 10 wenye skizofrenia, ambao hawakuwa wakitumia dawa, na wengine 10 wasio na ugonjwa huo. Kila mmoja, akiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, alionyeshwa alama iliyomjulisha kwamba akibonyeza kitufe upesi angeweza kupata fedha. Kwa wagonjwa, striatamu iliitikia alama hiyo kwa unyonge. Kundi lilikuwa dogo, ila tafiti nyingi za baadaye zimeelekea huko huko.

La kuzingatia zaidi ni kwamba wagonjwa wengi, wakipata kitu kizuri papo hapo, hukifurahia karibu sawa na watu wengine. Kinachopungua ni kukitarajia, na kukubali kutoka jasho kwa ajili yake. Ndiyo maana kijana yule aweza kucheka kwa dhati harusini, na wiki inayofuata akakataa kwenda kwenye harusi nyingine. Hajifanyi.

Kwa hiyo fupisha umbali kati ya kazi na malipo yake. Badala ya kumwambia "tafuta kazi", mwombe mmenye viazi pamoja, na chai iwe tayari mkimaliza. Ahadi ya mwisho wa mwezi huwa mbali mno. Kumkaripia kila siku nako kuna hatari: nyumba zenye lawama nyingi huhusishwa na ugonjwa kurudi mapema.

Dawa nazo zizungumzwe. Nyingi, haloperidoli ikiwamo, hufanya kazi kwa kuzuia dopamini, na dozi ikizidi mahitaji huweza kumfanya mgonjwa awe mzito zaidi. Hata hivyo, usiache wala usipunguze dawa bila daktari, kwani ugonjwa huweza kurudi kwa nguvu. Mwulize daktari maswali mawili: je, dozi hii bado ndiyo inayofaa? Je, mgonjwa amechunguzwa kama ana sonona? Sonona hufanana sana na hali hii, nayo hutibika.

Wako pia wanaouza chupa za "kuamsha ubongo". Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitika kurudisha ari ya wagonjwa hawa kwa uhakika. Kabla ya kutoa fedha, taka kuona viambato na namba ya usajili, na umwonyeshe mfamasia chupa hiyo, kwa kuwa baadhi ya mitishamba hugongana na dawa za hospitali. Ikiwa umekwisha kununua, hifadhi chupa na risiti.