Mbao za Nje na Mvua ya Manga

Ukipanda kutoka Kisii mjini kuja huku Manga utaona nyumba nyingi nzuri za matofali na mabati. Hebu acha kutazama mabati. Tazama milango, fremu za madirisha na zile mbao ndefu zinazopigiliwa ukingoni mwa paa, ambazo mafundi huziita fesha bodi. Nyingi zimegeuka rangi ya kijivu. Nyingine zimepasuka kama nyayo za mkulima wakati wa kiangazi, na rangi yake inabambuka vipande vipande. Mwenye nyumba akiulizwa atasema, "Mbao za siku hizi hazina nguvu." Mimi nasema mbao zinasingiziwa bure.

Kwanza tuielewe hali yetu ya hewa. Nyanda hizi ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika mwaka wa kawaida tunapata mvua ya milimita 1,500 na zaidi. Masika yanaanza Machi na kushika moto Aprili, kisha mvua nyingine zinarudi Septemba hadi Novemba, na hata katikati hapo hazikomi kabisa. Tena mvua yetu ina tabia yake: asubuhi jua kali, alasiri radi, upepo na pengine mvua ya mawe. Maana yake ni kwamba ubao wa nje hukaushwa na kuloweshwa karibu kila siku. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa. Fanya hivyo mara mia tatu kwa mwaka, uone kama hutapasuka hata wewe!

Na jua nalo si rafiki. Tupo karibu kabisa na ikweta, na kadiri mtu anavyopanda mlimani ndivyo miale ya urujuanimno inavyozidi, kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Miale hii huvunja lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi za ubao. Mvua ikija huiosha lignini iliyovunjika, zikabaki nyuzi tupu za selulosi. Ile rangi ya kijivu unayoiona ndiyo hiyo. Ni tabaka jembamba lililokufa, na rangi yoyote itakayopakwa juu yake itabanduka nalo.

Kuoza ni jambo jingine. Ubao huozeshwa na kuvu, na kuvu huhitaji maji. Ubao wenye unyevu usiofika asilimia 20 hauozi, hata ukikaa miaka mia. Unaweza kuupima unyevu huo katika maabara yetu. Kata kipande kidogo, kipime, kikaushe katika joto kidogo kuzidi nyuzi 100 mpaka uzito usipungue tena, kisha kipime mara ya pili. Kikiwa na gramu 260 mwanzoni na gramu 200 mwishoni, maji yalikuwa gramu 60, yaani asilimia 30 ya uzito mkavu. Ubao wa namna hiyo ukipakwa rangi, maji yamefungiwa ndani. Jua likiwaka yatatafuta njia ya kutoka, na rangi itatoa malengelenge. Ndiyo maana mbao za mkaratusi zilizopasuliwa kwa pawa juzi na kufanywa mlango leo zinaaibisha fundi. Zipangeni kivulini kwa miezi kadhaa, mkitenganisha kila safu kwa vijiti ili upepo upite.

Hapa niseme jambo ambalo watu wengi hawalijui. Ubao hunywa maji kupitia ncha zake, pale ulipokatwa kwa msumeno, upesi kuliko ubavuni. Sababu mnaijua kutoka somo la biolojia: mti una mirija ya kupandisha maji kutoka mizizini, na kwenye ncha mirija hiyo iko wazi. Sasa tazama mlango wowote uliooza. Umeanzia wapi? Chini, kwenye kingo zinazokaribia kizingiti, kwa sababu fundi alipaka mbele na nyuma akasahau ukingo wa chini usioonekana. Kuung'oa mlango kwenye bawaba ili kuupaka chini ni kazi ya dakika kumi tu.

Watu wa pwani waliyajua mambo haya zamani, na kwa kuwa sisi ni wana wa Chama cha Kiswahili yafaa tuchukue maneno yao pamoja na ujuzi wao. Huko Lamu na Unguja, jahazi hupakwa sifa, na usidhani ni yale masifu ya kusifiana! Sifa ni mafuta ya papa, yenye harufu ya kukimbiza wageni. Hupenya ndani ya ubao na kuuzuia kukauka na kupasuka juani. Sehemu ya chini, inayozama majini, hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa ili wadudu wa baharini wasiutoboe. Na kazi hiyo hairudiwi mara moja katika maisha ya chombo. Hufanywa tena na tena, maji yanapokupwa na chombo kuegeshwa mchangani. Hata neno msasa, ambalo sisi tunaliita karatasi ya dukani, ni jina la mti wenye majani ya kukwaruza, ambayo maseremala waliyatumia kulainishia mbao. Na mbali kule Norwei kuna kanisa la mbao la Borgund, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 12. Limesimama mpaka leo kwa sababu nguzo zake hazikugusa udongo, na kwa sababu hupakwa lami ya misonobari kila inapofifia.

Sasa tupake nini? Vanishi inapendwa sana kwa kuwa inang'aa na kuonyesha maumbile ya ubao. Lakini vanishi ya kawaida ni kama kioo: jua linapita. Ubao unaharibika chini yake huku juu kukimeta, halafu siku moja vanishi inavuka kama ngozi ya nyoka. Iacheni ndani ya nyumba, kwenye meza na makabati. Mafuta ya linsidi hupenya vizuri na hayabanduki, ila hufifia upesi na katika unyevu wetu huota ukungu mweusi. Tena vitambaa vilivyolowa linsidi vikirundikwa huweza kuwaka moto vyenyewe, kwa hiyo vianikeni vikiwa vimetandazwa nje. Rangi ya mafuta ndiyo ninayoiunga mkono kwa Manga, kwa sababu chembe zake huzuia jua na utando wake huzuia mvua. Kuhusu oili chafu ya gari, ambayo wengi huipaka kwenye nguzo kuzuia mchwa, sina budi kuwaudhi baadhi ya jirani zangu. Ikishaingia kwenye ubao, rangi haishiki tena, na mvua huishusha hadi kwenye sukuma wiki na chinsaga. Msiilete karibu na jikoni.

Haya yote hayakunijia kwa kupenda kusoma tu. Chumba tunamowekea vitabu vya chama kina madirisha sita yenye shata za mbao za saipras. Aprili iliyopita maji yalipenya kwenye shata moja iliyooza yakaingia rafuni, na kamusi tatu zikavimba kama mandazi. Hazina ya chama inatosha kununua lita nne za rangi, basi. Baadhi ya wenzangu wanataka madirisha yote sita yapakwe ili yafanane. Nimefanya hesabu. Kila dirisha lina mita mraba 1.2 kwa kila upande, yaani 2.4 pande zote mbili. Lita moja ya rangi hutosha mita mraba 10 hivi kwa mpako mmoja. Madirisha manne ni mita mraba 9.6, kwa hiyo kila mpako utakula karibu lita moja. Praima lita moja, andakoti lita moja, na glosi lita mbili kwa mipako miwili. Lita nne zimekwisha. Madirisha sita yangetaka karibu lita sita, ama tuyapake rangi nyembamba kama uji wa mgonjwa. Pendekezo langu kwa mlezi na kwa wanachama ni kwamba tuanze na manne yanayotazamana na mvua, tuyamalize kabisa. Mawili yaliyo chini ya baraza yanaweza kungoja. Yafanane ya nini wakati vitabu vinalowa?

Wakati wa kazi ni Januari, mvua ikiwa imepungua, siku za jua tatu au nne zikiwa zimefuatana. Kwanza tutachukua kisu na kudunga ubao. Kisu kikiingia kwa urahisi, hapo pameoza. Patakatwa na kuwekwa kiraka cha ubao mkavu, maana rangi haifufui. Rangi iliyolegea itakwanguliwa. Kama rangi ni ya zamani sana, huenda ina madini ya risasi yenye sumu, kwa hiyo tutaisugua kwa msasa wa maji, tusiichome wala kuivutia vumbi lake puani. Palipoota ukungu tutapaosha kwa jiki iliyozimuliwa kwa maji mara tatu, kisha kusuuza na kuacha pakauke. Halafu tutapiga msasa kufuata mkondo wa nyuzi, mpaka ule ukijivu uondoke na rangi ya asili ya ubao itokee. Praima ipakwe siku hiyo hiyo, ubao usilale wazi na umande. Pati ya kuziba mashimo ya misumari huja baada ya praima, kwa kuwa ubao mkavu hunyonya mafuta ya pati nayo ikachomoka. Mipako mingine ifuate, siku moja kwa kila mpako, ikianza saa nne asubuhi umande ukishakauka na kwisha kabla ya saa nane, mawingu hayajakusanyika upande wa juu. Brashi ifuate kivuli. Jua kali hukausha rangi juu ikabaki mbichi chini.

Rangi peke yake haitoshi ikiwa maji yanadunda kutoka chini. Mvua kubwa huurusha udongo wetu mwekundu mpaka magoti ya ukuta. Kokoto chache chini ya dirisha zitavunja nguvu hiyo, na mfereji wa bati ukiwekwa ukingoni mwa paa ni bora zaidi. Nyumba za nyasi za wazee wetu zilikuwa na paa lililoshuka chini likafunika ukuta. Sisi tunajenga kwa mabati yaliyokatwa kando kabisa ya ukuta ili kubana matumizi, halafu tunanunua milango kila baada ya miaka michache.

Baada ya mwaka mmoja, nyunyiza maji juu ya shata. Yakisimama kama vidonge, rangi bado inafanya kazi. Ubao ukibadilika rangi na kuyanywa, usingoje nyufa. Piga msasa kidogo na kuongeza mpako mmoja wa glosi. Kwa ajili hiyo, kile kitakachobaki koponi kifunikwe kwa nguvu, kopo ligeuzwe juu chini ili hewa isiingie, na kiandikwe tarehe. Ufunguo wa sanduku atakuwa nao katibu.