Gari Langu au Gari Yangu?

Chama chetu kimenipa ukurasa huu nifundishe ngeli, nami nimeonelea tujifunze kwa gari la mbio.

Gari lenyewe ni Lola T70 la Uingereza. Lilitokea mwaka 1965, kazi ya Eric Broadley na kampuni yake. Injini yake imekaa nyuma ya dereva. Magari mengi ya aina hii yalitiwa injini ya Chevrolet ya lita 5, yenye silinda 8. Haya, piga hesabu! Lita 5 ni sentimita za ujazo 5,000. Gawa kwa 8, kila silinda inapata 625. Probox ya lita 1.5 tunayopanda kutoka Kisii kwenda Keroka ina silinda 4, kila moja kama 375 hivi. Silinda ikiwa kubwa na nyingi, hewa na petroli zinazochomeka ni nyingi, nguvu nayo huongezeka. Mwaka 1969 Mark Donohue na Chuck Parsons walishinda mbio za saa 24 za Daytona, Marekani, kwa gari hili. Lakini lilete Nyamira siku ya mvua uone! Tumbo lake li karibu na ardhi, litakwama matopeni.

Je, umeona nilivyosema? Gari lenyewe, tumbo lake, litakwama. Gari ni la ngeli ya LI-YA. Hata hivyo, huku kwetu utasikia, "Gari yangu imeharibika." Si ujinga. Kwa Ekegusii tunasema egari, na zikiwa nyingi, chigari. Neno hilo liko kundi moja na enyomba, yaani nyumba. Nyumba ni yangu, basi ulimi unalivuta gari huko huko. Ila mtihani hausikilizi sababu, alama zinakwenda tu.

Wengine nao wanaona haya kuandika injini, silinda na breki, eti ni Kiingereza. Jamani! Gari lenyewe limetoka Kihindi, na usukani umetoka Kiarabu, ukiwa kwanza wa vyombo vya baharini. Neno geni likishapata ngeli yake, ni mwenyeji. Liandike bila hofu.

ZOEZI: Andika kwa wingi.
1. Gari langu jekundu limekwama matopeni.
2. Injini kubwa ya gari hili imezimika.

Ukiandika "magari zangu", rudi juu usome tena!