Maji Safi, Mawimbi na Injili: Maswali ya Wakazi wa Kiloleli na Mwambao wa Ziwa

Elimu kwa Umma

Kata ya Kiloleli iko wilayani Busega, mkoani Simiyu, jirani na Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Mwananchi wa mwambao huamka akiliona ziwa lote mbele yake, na bado akahangaika kupata dumu moja la maji yasiyomletea mtoto wake kuhara. Makanisa na vikundi vya kujitolea vinapokuja na visima, vichujio au mafunzo ya kuogelea, watu hufurahi, halafu maswali huanza. Maswali hayo ni halali, na majibu yake yako hapa.

Tunasikia kuna Wakristo wanaohubiri kwa kucheza mawimbi na kugawa maji safi. Ni akina nani?

Kucheza mawimbi ni mchezo wa kusimama juu ya ubao mwepesi na kuteleza na wimbi linapoelekea ufukweni. Huko Australia, vijana Wakristo wapenzi wa mchezo huo walianzisha mwaka 1977 umoja uitwao Christian Surfers, na leo una matawi katika nchi nyingi zenye pwani. Huko Hawaii lipo shirika la Surfing the Nations, linalounganisha mchezo huo, injili na huduma kwa maskini. Waves for Water ni jambo jingine: lilianzishwa na Mmarekani Jon Rose, mcheza mawimbi wa kulipwa, baada ya tetemeko la Padang, Indonesia, mwaka 2009. Kazi yake ni kusambaza vichujio vya maji, na si shirika la kanisa. Kwa hiyo mgeni anapofika, mwulize kwa upole ametumwa na nani. Nembo yenye picha ya wimbi haitoshi kumtambulisha.

Je, ziwani kwetu mchezo huo unawezekana?

Mawimbi ya kuchezea kwa ubao hutoka bahari kuu, ndiyo maana hapa nchini mchezo huo unaonekana Coco Beach na Kigamboni jijini Dar es Salaam. Mawimbi ya Ziwa Victoria huletwa na upepo. Ni mafupi, yanafuatana haraka na huweza kuchafuka ghafla. Kitu cha thamani tunachoweza kujifunza kwa watu wa mawimbi ni desturi yao ya kujua kuogelea, kusoma hali ya maji na kuokoana. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umefundisha watoto na wanawake kuogelea, na mafunzo ya aina hiyo yanahitajika sana kwenye mialo yetu.

Huduma ya kanisa inayokuja pamoja na misaada ni jambo jipya huku?

Hapana. Wamisionari wa Africa Inland Mission walipokea kituo cha Nassa, katika eneo ambalo leo ni Busega, mwaka 1909, na kanisa lililotokana na kazi yao, AICT, ndilo lenye hospitali ya Mkula. Kwa upande wa maji, wazee watakumbuka HESAWA, mpango wa afya, usafi wa mazingira na maji ulioanza mwaka 1985 kwa msaada wa Sweden, wakati Busega ingali sehemu ya wilaya ya Magu.

Je, ni lazima kusali kwao ndipo tupate maji?

Si lazima, na asiwepo mtu wa kukuambia hivyo. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini au kutobadilisha. Ibara hiyohiyo inaruhusu kutangaza dini, mradi kufanyike kwa hiari ya mtu na bila kuvunja sheria za nchi. Mchungaji anaweza kuhubiri karibu na kisima na wewe unaweza kusikiliza ukipenda. Lakini bomba likishafunguliwa ni la Mkristo, Mwislamu, mfuasi wa dini ya jadi na asiye na dini, kwa foleni moja na bei moja. Umoja wa Mataifa uliyatambua maji safi kuwa haki ya binadamu mwaka 2010, na haki hailipiwi kwa ubatizo. Waumini wengi wanaofanya kazi hii kwa moyo safi wanalijua hilo na wanaliheshimu.

Wageni wafuate utaratibu gani kabla ya kuchimba?

Waanzie ofisi ya mtendaji wa kijiji, si nyumbani kwa mtu. Halmashauri ya kijiji itapokea ombi, kisha jambo lipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, yaani kikao cha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ili watu waseme wanataka kisima au la, na kikae wapi. Hapo ndipo akina mama wanapopaswa kusikilizwa kwanza, kwa kuwa wao ndio wanaobeba ndoo kichwani na wanajua njia ipi hujaa maji masika na kisima kipi hukauka mwezi wa tisa.

Baada ya kijiji inafuata RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 2019. RUWASA wilayani itaangalia usanifu wa mradi na itakuambia kama kijiji chako tayari kiko kwenye mpango mwingine. Kuchimba kisima kirefu kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na kampuni ya kuchimba iwe na leseni. Jengo au kambi ya kudumu isijengwe ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza.

Shirika lenyewe lionyeshe usajili wake. Asasi isiyo ya kiserikali husajiliwa na Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, na taasisi ya dini husajiliwa na Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Raia wa kigeni anayekuja kujitolea au kuhubiri awe na kibali cha Uhamiaji kinachoendana na kazi hiyo. Kuuliza karatasi hizi si kumfukuza mgeni, na mgeni mwema atazitoa bila kinyongo.

Mtu akitoa kiwanja chake kwa ajili ya kisima, inatosha kuafikiana kwa mdomo?

Haitoshi. Makubaliano yaandikwe, yashuhudiwe na serikali ya kijiji na yaingie kwenye kumbukumbu za kijiji, ili baba akifariki watoto wasije wakafunga njia ya kisima. Ardhi ya kijiji husimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na shirika la kigeni haliwezi kugawiwa ardhi hiyo na kijiji.

Kisima kimetolewa bure. Kwa nini tunalipia ndoo?

Unalipia kukifanya kiendelee kutoa maji. Mabomba huchakaa, betri za umeme wa jua huisha na mhudumu anayefungua asubuhi na kufunga jioni naye ana watoto wa kulisha. Fedha hizo husimamiwa na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, yaani CBWSO, kilichosajiliwa kisheria. Una haki ya kusomewa mapato na matumizi mbele ya mkutano, na kuhoji.

Tunalisisitiza hili kwa sababu nchini mwetu pampu nyingi za mkono zimesimama kwa kukosa kipuri kidogo tu, huku aliyezitoa ameshaondoka siku nyingi. Kabla ya sherehe ya uzinduzi, mwulize mfadhili vipuri vinauzwa wapi na nani hapa kijijini amefundishwa kuvifunga. Kama jibu ni kwamba vitaagizwa kutoka ng'ambo, mwombeni abadilishe aina ya pampu.

Mradi mkubwa wa maji ya ziwa unakuja. Bado tunahitaji visima vya kanisa?

Serikali, ikishirikiana na Mfuko wa Mabadiliko ya Tabianchi wa Kijani na Ujerumani kupitia benki ya KfW, inatekeleza mradi wa kutoa maji Ziwa Victoria na kuyapeleka katika wilaya za Simiyu. Bomba kubwa halifiki kila kitongoji kwa siku moja. RUWASA ndiyo inayojua ratiba. Wakikwambia bomba litachelewa kwenu, kisima kidogo kina kazi yake.

Kichujio wanachogawa kinafanyaje kazi?

Aina inayogawiwa sana ni ya kufunga kwenye ndoo. Maji hushuka kwa mpira hadi kwenye kopo dogo lililojaa nyuzi zenye matundu yasiyoonekana kwa macho, ambayo huzuia bakteria, yaani vijidudu kama vya kipindupindu na homa ya matumbo. Maji yakianza kutoka kwa kudondoka, matundu yameziba. Chukua bomba la sindano kubwa lililokuja na kichujio, livute maji safi, liweke kwenye tundu la kutokea na usukume kwa nguvu kinyumenyume. Utaona tope jekundu likirudi nje. Rudia hadi maji yatoke meupe.

Vidole vichafu vikishika tundu la kutokea, au maji yakichujwa katika dumu lisilooshwa, kazi yote imepotea. Virusi, ambavyo ni vidogo kuliko bakteria, huweza kupita kwenye kichujio hicho. Mwenye mgonjwa au mtoto mchanga achemshe maji hata baada ya kuyachuja.

Je, kichujio kinaondoa chumvi na madini?

Hicho cha nyuzi hakiondoi. Baadhi ya visima vya Simiyu vina floraidi nyingi, madini yanayobadilisha meno kuwa ya kahawia na, kwa miaka mingi, kudhuru mifupa. Kuchemsha hakusaidii, bali huzidisha kiwango chake maji yanapopungua. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita, na njia ya kujua ni kupima, kwa mfano katika Maabara ya Ubora wa Maji Mwanza. Kipimo kifanyike kabla watu hawajaanza kunywa, na majibu yasomwe hadharani. Vipo vichujio vinavyopunguza floraidi, kikiwemo kilichobuniwa Arusha na Dkt. Askwar Hilonga, aliyeshinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015.

Kuna wanaosema dawa ya kutibu maji inaharibu uzazi. Ni kweli?

Si kweli. Dawa hiyo ni klorini, ileile inayowekwa kwenye maji ya bomba mijini, ambako watu wanazaa kama kawaida. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, subiri nusu saa, kisha kunywa. Tunaelewa kwa nini watu huwa na hofu na kitu kigeni kinachowekwa kwenye maji ya watoto wao, na ndiyo sababu ni vema dawa itolewe mbele ya mhudumu wa afya anayeaminika kijijini.

Tukiwa na maji safi ya kunywa, kichocho kimekwisha?

Bado. Kichocho hakiingii kwa kunywa tu. Minyoo yake hupenya kwenye ngozi. Mgonjwa akijisaidia ziwani au karibu na ufuko, mayai huanguliwa majini, minyoo michanga huingia kwenye konokono na kutoka tena ikiwa midogo isiyoonekana, ikimtafuta mtu. Mama anayefua akiwa amezama magotini, kijana anayesukuma mtumbwi na mtoto anayeruka kutoka kwenye jiwe wote wako katika hatari, hasa jua la mchana linapokuwa kali, kwani ndipo minyoo hutoka kwa wingi.

Njia za kujikinga zipo. Chota maji ya kuoga uyaweke kwenye pipa lenye mfuniko kwa siku mbili, minyoo hufa. Tumia choo, na mwalo uwe na choo chake. Epuka sehemu zenye majani na konokono. Vikundi vinavyofundisha kuogelea visipuuze jambo hili: kabla ya somo la kwanza, vizungumze na kituo cha afya kuhusu mahali pa kufundishia na kuhusu dawa.

Dawa ya kichocho inayotolewa shuleni ni salama?

Ni salama. Inaitwa prazikwanteli na imetumika duniani kwa miongo mingi. Inaweza kuleta kichefuchefu, kizunguzungu au maumivu ya tumbo kwa muda mfupi, hasa mtoto akimeza bila kula. Mwaka 2008 mkoani Morogoro hali hiyo ilizua hofu na vurugu, wazazi wakiamini watoto wao wamewekewa sumu, kwa kuwa walikuwa hawajaelezwa mapema. Mpe mtoto chakula asubuhi ya siku ya dawa, na mwalimu ana wajibu wa kukutaarifu kabla.

Watoto wetu wakifundishwa kuogelea, tuangalie nini?

Mzazi atoe ridhaa kwa maandishi na awepo mtu mzima anayejua kuokoa, akiwaangalia watoto bila kushughulika na simu. Kila mtoto avae jaketi la kuokoa maisha, na eneo liwe limehakikishwa na wavuvi kuwa halina mamba wala viboko. Mtu akizama, mtupie kamba, dumu tupu au kasia kutoka nchi kavu. Asiyejua kuogelea asijitose, maana mara nyingi hapo huzama wawili. Kuzama ni ajali, na anayeweza kuokoa asizuiwe na maneno kwamba ziwa limemtaka mtu huyo. Wageni wasimpige mtoto picha na kuisambaza bila ruhusa ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu picha pia, na mtoto aliyepigwa picha akinywa maji machafu anabaki na heshima yake.

Tukiona kasoro, twende wapi?

Malalamiko ya huduma ya maji yaanzie kwenye CBWSO yenu, kisha RUWASA wilayani. Mtu akinyimwa maji kwa sababu ya dini yake, mtendaji wa kijiji aandikiwe siku hiyohiyo, na nakala iende kwa mtendaji wa kata. Madhara kwa mtoto yatolewe taarifa kwa simu namba 116, dharura ya Polisi ni 112 na Zimamoto na Uokoaji ni 114. Zipige bila kuogopa, na uzibandike ukutani hapo mwaloni na kwenye kila kituo cha kuchotea maji.