Maji yakigeuka tui: tangi langu la samaki hapa Singida

Siku ya tatu tangu nijaze tangi langu la kwanza, kalenda niliyoitundika ukutani nyuma yake haikusomeka tena. Maji yalikuwa meupe kana kwamba mtu kamwagia tui la nazi. Nikafanya kile ambacho karibu kila anayeanza hufanya: nikamwaga maji yote, nikachemsha mawe, nikafua sponji ya chujio bombani mpaka ikatakata, nikajaza upya. Siku mbili baadaye, tui lilelile. Nikarudia. Mwezi ulipokwisha, samaki wa dhahabu sita nao walikuwa wamekwisha. Mzee jirani yangu, ambaye hadi leo haelewi kwa nini mtu afuge samaki asiyeliwa, akachungulia dirishani na kusema, "Mwanangu, hao umewaua kwa usafi."

Alikuwa akinitania, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tui lile ni bakteria wanaokula mabaki ya chakula, na huzaliana kwa muda wa saa chache tu. Si hao waliowaua samaki wangu. Iliyowaua ni amonia, inayotoka kwenye kinyesi cha samaki na chakula kinachooza, na haina rangi. Kuna bakteria wengine, wa polepole, wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wenzao wanaoigeuza nitriti kuwa nitreti ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Hawa hujishikiza kwenye sponji, mchanga na mawe, na katika tangi jipya huwachukua wiki nne hadi sita kuwa wa kutosha. Kila nilipochemsha mawe nilikuwa nawafukuza wenyeji na kuwapisha wapita njia.

Hapa Singida kuna kitu cha kuongezea. Maji yetu mengi ni ya visima virefu, magumu, yale ambayo sabuni hukataa kutoa povu na birika huota gamba jeupe ndani. Floridi yake ndiyo iliyowapa wengi wetu meno ya kahawia. Kipimo cha pH kwenye tangi langu hucheza kati ya 8.2 na 8.5, na hapo amonia huwa kali zaidi. Maji yakiwa na pH 7 na joto la nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo sumu kweli haifiki asilimia 1, yakifika 8.5 ni takribani asilimia 15. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba amonia kidogo haina neno, kumbuka aliyeandika huenda ana maji laini.

Nilihangaika msimu mzima kukinga maji ya mvua ili niyalainishe. Mvua zetu huishia Aprili, basi hesabu mwenyewe. Mwishowe nikaacha kubadili maji, nikabadili samaki. Ziwa Tanganyika lenyewe lina maji magumu yenye pH inayokaribia 9, na lina samaki wadogo wazuri mno. Nilichagua Neolamprologus brevis, ambaye makazi yake ni ganda tupu la konokono. Sijui kwa nini nilianza na samaki wa dhahabu wakati nchi yangu ina hawa.

Tangi la pili ni la lita 120, kazi ya fundi vioo. Mchanga wa korongo niliusuuza ndoo baada ya ndoo mpaka maji yakatoka maangavu; usipousuuza utapata ukungu wa kahawia, ambao ni vumbi tu na hutulia wenyewe. Nikawasha chujio la sponji na pampu ya hewa, nikawa natupia punje chache za chakula kila siku bila samaki hata mmoja ndani, ili wale bakteria wa polepole wapate cha kula. Wiki ya kwanza tui likaja. Nikalitazama. Ilinigharimu kuliko nilivyodhani, maana wageni wote waliuliza kwa nini nafuga maji machafu. Siku ya tisa nikasoma kalenda. Samaki niliwaingiza wiki ya sita, vipimo vya amonia na nitriti viliposoma sifuri siku kadhaa mfululizo, nao niliwaingiza wachache wachache.

Tangu hapo, kila Jumamosi natoa ndoo moja na nusu, yaani lita 30, na kurudisha maji yaliyolala siku nzima kwenye pipa wazi ili klorini ipotee na joto lilingane. Hilo la joto lisikupite mwezi wa Julai, asubuhi za upepo wetu. Sponji naikamua ndani ya maji yaleyale niliyoyatoa, kamwe si bombani. Chakula ni kile kinachoisha ndani ya dakika mbili. Watoto wageni wakija, kopo la chakula nalificha juu ya kabati. Ukungu wangu mwingi wa baadaye ulitoka kwenye mikono yao midogo.

Maji ya kijani ni habari nyingine: ni mwani, na mwani hutaka jua. Nilisogeza tangi mbali na dirisha la magharibi, nikafunika ubavu mmoja kwa kanga kuukuu, nikapunguza chakula. Wiki tatu.

Umeme ukikatika silishi kabisa. Nina pampu ndogo ya betri. Ikiisha, nachota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu kila baada ya muda, yapate hewa.

Maji ya Jumamosi naenda kumwagia mchicha. Siku hizi mzee huwahi getini na ndoo yake mwenyewe, na wiki iliyopita alilalamika kwamba nimemtolea kidogo.