Michezo ya Kompyuta Shuleni: Akili Inanoleka, Macho Je?

JE, mwanao huisogelea runinga hata umwonye mara ngapi? Je, hukunja uso anapotazama kitu kilicho mbali? Mwalimu wake amewahi kulalamika kuwa ananakili vibaya maandishi ya ubaoni? Ikiwa jibu lako ni ndiyo, usiharakishe kumwita mzembe. Huenda haoni.

Tuseme kuna mvulana wa miaka tisa, yuko gredi ya nne. Katika michezo ya hesabu inayochezwa kwenye tableti, hakuna anayemshinda darasani. Lakini mwalimu akiziandika hesabu zizo hizo ubaoni, anapata mbili kati ya kumi. Nyumbani anachapwa kwa sababu "anajua kucheza tu". Hakuna anayejiuliza jambo moja rahisi: tableti iko karibu na uso wake, ilhali ubao uko mita kadhaa mbele. Mtoto huyu hana kasoro ya akili. Ni macho yake ambayo hayafiki ubaoni.

Watoto wa aina hii wamo katika madarasa yetu, na wengine hupoteza miaka kabla ya mtu kutambua shida yao. Wiki hii tutaangalia jinsi vifaa vya dijitali na michezo yake vinavyobadilisha masomo, namna vinavyougusa mwili wa mtoto, na hatua ambazo mzazi anaweza kuchukua.

Mafunzo yamebadilika

Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianza kusambaza tableti katika shule za msingi za umma, ikilenga wanafunzi wa darasa la kwanza. Zaidi ya vifaa milioni moja vilifika katika shule zaidi ya 20,000. Mtaala wa umilisi uliofuata uliuweka ujuzi wa dijitali miongoni mwa stadi saba ambazo kila mwanafunzi anapaswa kuwa nazo. Kisha mwaka 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na wazazi wengi wa mjini ambao awali walikuwa wakificha simu zao wakajikuta wakiwapa watoto ili wasome.

Haifai kubeza mabadiliko haya. Majirani zetu wa Tanzania wanao mfano mzuri. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, watoto wapatao 2,700 katika vijiji takriban 170 vya mkoa wa Tanga walipewa tableti zenye programu za Kiswahili, zikiwa na michezo ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuketi darasani, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, idadi ya wasiojua kusoma kabisa ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwaka 2019 programu mbili, onebillion na Kitkit School, ziligawana tuzo ya dola milioni 10 kwa kazi hiyo.

Kwa nini mchezo hufundisha? Kwanza, mtoto hujua papo hapo kama amepata au amekosa, bila kungoja daftari lisahihishwe. Pili, anaweza kukosea mara ishirini na asichekwe na mtu. Tatu, mchezo mzuri huongeza ugumu kidogo kidogo, kwa hivyo mtoto hachoki wala hakati tamaa. Wazee wetu waliyajua haya. Aliyejifunza kucheza bao akiwa mdogo alijifunza kuhesabu na kupanga mbele bila kuambiwa kuwa hilo ni somo.

Ila bao lilichezwa nje, chini ya mti, mchana. Hapo ndipo penye tofauti.

Kinachotokea machoni

Unapotazama kitu kilicho karibu, misuli midogo ndani ya jicho hukaza ili picha ionekane vizuri. Ukiendelea kwa muda mrefu, misuli hiyo huchoka. Isitoshe, anayekodolea skrini hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, na jicho lisilopepesa hukauka. Ndiyo sababu mtoto hulalamika kuwa macho yanawasha au yanauma, au kichwa kinamgonga. Hali hii husumbua, lakini huisha akipumzika.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Jicho la mtoto bado linakua. Likirefuka kupita kiasi, picha ya vitu vya mbali huangukia mbele ya mahali inapostahili, na mtoto huona ukungu. Madaktari huiita hali hii maiopia. Jicho likisharefuka halifupiki tena. Miwani humsaidia mtoto kuona, lakini hairudishi jicho lilivyokuwa. Maiopia ikiwa kali, humweka mtu katika hatari ya kupata magonjwa mengine ya macho ukubwani, yakiwemo yale yanayoweza kumpofusha.

Je, tableti ndiyo ya kulaumiwa? Si yenyewe tu. Maiopia hurithiwa katika baadhi ya familia, na hata kitabu kikishikwa karibu kwa saa nyingi huchangia. Lakini utafiti umeonyesha jambo moja waziwazi: mtoto anayekaa nje muda mrefu hupata kinga. Katika jiji la Guangzhou nchini China, baadhi ya shule ziliwaongezea wanafunzi wa darasa la kwanza dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya shule. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya miaka mitatu, waliopatwa na maiopia katika shule hizo walikuwa asilimia 30. Katika shule ambazo hazikuongeza muda huo walikuwa karibu asilimia 40. Wataalamu wanaamini kwamba mwanga mwingi wa mchana huchochea kemikali ndani ya jicho inayolizuia lisirefuke ovyo.

Barani Afrika tatizo hili bado ni dogo likilinganishwa na Asia Mashariki. Hata hivyo, angalia ploti tulizojenga mijini. Uwanja ambapo watoto walicheza kati, bladda na brikicho sasa ni maegesho ya magari. Mtoto hutoka kwenye basi la shule na kuingia moja kwa moja sebuleni, na anayemngoja huko ni simu ya mamake.

Usingizi na mazoea

Mwanga wa skrini usiku huudanganya ubongo kuwa bado ni mchana, na usingizi huchelewa. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Aliyecheza hadi saa tano usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi hatashika lolote darasani, hata tableti yake iwe na programu bora namna gani.

Kuna pia suala la mazoea. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa michezo ya kompyuta katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Si kila mtoto anayependa kucheza ni mgonjwa. Dalili ni kwamba hawezi kujizuia, mchezo unachukua nafasi ya chakula, masomo na marafiki, na anaendelea hata baada ya kuona madhara. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu takriban mwaka mzima. Ukiziona dalili hizi, usichape wala kuvunja simu. Mpeleke kwa mshauri nasaha au daktari.

Simu iyo hiyo yaweza kusaidia

Usidhani kwamba teknolojia ni adui wa macho tu. Katika shule 50 za Trans Nzoia, walimu waliwapima macho zaidi ya wanafunzi 20,000. Nusu ya shule zilitumia njia ya kawaida. Katika zile nyingine, walimu walitumia programu ya simu iitwayo Peek. Wazazi wa watoto waliogunduliwa kuwa na shida walipewa picha ya kuwaonyesha jinsi mtoto wao anavyouona ubao, kisha wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Kulingana na matokeo yaliyotolewa mwaka 2018, asilimia 54 ya watoto hao walifikishwa hospitalini. Katika shule zilizotumia njia ya kawaida, waliofikishwa walikuwa asilimia 22 pekee.

Mzazi aliyeonyeshwa kile anachokiona mtoto wake alichukua hatua haraka.

Mambo ya kufanya

1. Mpime mtoto macho kabla ya kuanza shule, kisha mara kwa mara, hata kama halalamiki. Mtoto aliyezoea ukungu hudhani kila mtu huona hivyo.

2. Mtoe nje mchana. Jitahidi apate angalau saa mbili kwa siku, ukijumlisha mapumziko ya shuleni na mwendo wa kwenda na kurudi.

3. Kila baada ya dakika 20 za skrini au kitabu, atazame kitu kilicho umbali wa mita sita au zaidi kwa sekunde 20. Hili hupumzisha macho, lakini halichukui nafasi ya kukaa nje.

4. Kifaa kishikwe umbali wa mkono, wala si puani, na chumba kiwe na mwanga wa kutosha.

5. Skrini zizimwe saa moja kabla ya kulala, nayo simu ilale chumbani mwa mzazi.

6. Aliye chini ya miaka miwili hahitaji skrini. Wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

7. Akiandikiwa miwani, aivae. Si kweli kwamba miwani huharibu macho ya watoto. Kumnyima ndiko kunakomharibia masomo.

Na yule mvulana wetu wa gredi ya nne? Mweke mita sita kutoka kwenye kalenda ya ukutani, umwambie asome tarehe. Asipoweza, weka kiboko chini na umpeleke kliniki ya macho wiki hii. Kipimo hiki cha nyumbani si cha daktari, lakini kinatosha kukuonyesha kwamba ulikuwa ukimwadhibu kwa kosa lisilo lake.