Kabla ya Kulitibu Jiwe, Tafuta Maji Yanakoingilia

Kanisa kuu la Wells, Uingereza, limejengwa kwa mawe ya chokaa, na uso wake wa magharibi una sanamu za karne ya 13. Mvua ina tindikali hafifu inayoliyeyusha jiwe polepole. Chumvi nayo hukaukia ndani ya vinyweleo vyake na kuvipasua, hadi jiwe linamong'onyoka kama unga.

Miaka ya 1970 Robert Baker alianza kulitibu kwa maji ya chokaa, ambayo hupakwa takribani mara 40. Mbona mara nyingi hivyo? Kwa sababu lita moja hubeba chini ya gramu 2 za chokaa iliyoyeyuka. Tena, mwaka 1988 Clifford Price na wenzake walionyesha kwamba sehemu kubwa ya chokaa hiyo huishia milimita 2 za juu. Silikati ya etili huzama zaidi, lakini hushikana na jiwe la mchanga vizuri kuliko la chokaa.

Sisi tunaosoma falsafa tungeuliza chanzo kwanza. Ukikazia jiwe lililolowa, umefungia chumvi ndani. Matumbawe ya kuta zetu za pwani nayo ni chokaa: zibueni mifereji, zibeni paa, bandueni plasta ya saruji inayozuia ukuta kukauka. Dawa ifuate baadaye, kama bado itahitajika.